Siku yangu moja mapokezi, gesti ya jirani na stendi Mtwara

Saa kumi alfajiri. Nagonga milango. Mabasi ya Dar yanaondoka mapema, na wageni wetu wengi wanalipia chumba ili wasiachwe na basi, kitanda hawana shida nacho. Mtu akinijibu "mmh" siondoki mpaka nisikie komeo. Yupo mmoja aliniitikia vizuri kabisa, "nimeamka dada, asante," akarudi kulala, na lawama zikaja kwangu.

Saa moja asubuhi. Chai ya rangi na vitumbua vya mama wa getini, kisha ndoo zijazwe kabla maji hayajakatika.

Saa nne. Ndiyo mwisho wa kutoka, na hapa ndipo kazi ilipo. Huu ni msimu wa korosho, vyumba vimejaa watu wa mnadani na wa maghalani. Mama mmoja wa Newala amelala na mwanawe, na mtoto amekula bibo, lile tunda la mkorosho, kitandani. Asiye wa kusini ataona ni tunda tu. Maji yake yakishakaukia kwenye kitambaa cheupe yanaacha doa la kahawia ambalo sabuni haiwezi, na jiki inaliparuza tu pembeni. Shuka lile sasa ni dekio. Nilishamwambia bosi anunue ya maua, akasema meupe ndiyo yenye hadhi. Haya, hadhi hiyo.

Ndala nazo tumezichanganya makusudi, mguu mmoja bluu, mwingine nyekundu. Pea inayofanana haimalizi wiki.

Saa nane mchana. Kimya. Napanga daftari la wageni: jina, kabila, utokako, uendako, kazi. Kwenye kazi kila mtu ni "mfanyabiashara", hata yule aliyeingia na sare ya shule anayofundisha.

Saa kumi na moja jioni mabasi ya Dar yanaanza kushusha. Bodaboda analeta mgeni na kusimama pembeni akingoja ya soda. Leo kaja kijana wa Dodoma, amezoea treni ya SGR, ananiuliza, "Dada, stesheni iko upande gani?" Nikacheka. Mtwara reli ilikuwepo, ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikienda Nachingwea, ila ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku hizi ni stendi tu, kaka.

Nikampa ufunguo akague kwanza. Mgeni mjanja hatoi hela kabla ya kufungua bomba, kuwasha feni na kuinua chandarua kwenye mwanga aone matundu. Mimi sikasiriki, anayekagua hanisumbui usiku. Cha choo cha nje elfu kumi na tano, self elfu ishirini na tano. Akaomba apunguziwe. Msimu wa korosho? Akalipa.

Saa tatu usiku. Dereva wa lori na tandiboi wake wanataka chumba kimoja. Tangazo liko ukutani: wawili wa jinsia moja hawalali chumba kimoja. "Dada, huyu mdogo wangu kabisa!" Majina ya daftarini hayafanani hata herufi. Mwishowe tandiboi kaenda kulala kwenye lori, na nadhani ndivyo walivyopanga tangu mwanzo, walikuwa wananipima tu.

Geti linafungwa saa sita. Atakayechelewa ampigie mlinzi, mimi simu nazima.