Nilivyojiandaa na mtihani wa kidato cha nne bila kukesha

Ushauri ulionikera kuliko wote nikiwa kidato cha nne ni ule wa "kesha, usingizi utalala baadaye". Nilikuwa mwanafunzi wa kutwa, naamka alfajiri kuwahi daladala ya Igoma, na saa nne usiku nilikuwa kitandani. Matokeo yalinipa nilichokitaka, hesabu ikiwemo. Ubongo hupanga na kuhifadhi uliyosoma mchana wakati umelala. Ukikesha unaikatiza kazi hiyo, na kesho yake darasani unasinzia tu.

Kilichonibeba ni kujiuliza. Kurudia notisi mara tano kunakupa uhakika wa uongo, kwa sababu macho yanazoea ukurasa ukadhani umeelewa. Nilichukua kaunta buku la kwaya mbili, nikakunja theluthi ya kila ukurasa upande wa kushoto: huko linaandikwa swali, upande mpana jibu. Jioni nafunika majibu kwa kipande cha manila, najibu kwa kalamu kwenye karatasi chakavu, ndipo nafunua. Usijibu kichwani, kichwani kila mtu anapata. Swali nililokosa lilipata nukta nyekundu, likarudi kesho yake, halafu baada ya siku tatu, wiki, na wiki tatu.

Sisi wa Mwanza tuna maabara ya bure, ziwa. Chukua upepo wa ziwani na wa nchi kavu, mada iliyokuwa inawasumbua wengi kwa sababu walikariri mishale ya mchoro na mtihanini wakaigeuza. Nenda Igombe mchana wa jua kali, simama ukitazama maji: upepo unakupiga usoni. Sasa jiulize kwa nini. Kilo moja ya maji inahitaji jouli 4,200 hivi kupanda nyuzi moja ya selsiasi, mchanga mkavu hauhitaji hata robo ya hizo. Kwa hiyo ufukwe unawaka mapema, hewa ya juu yake inatanuka na kupanda, mgandamizo unashuka, hewa ya baridi ya ziwani inaingia. Usiku mchanga unapoa upesi kuliko maji, mambo yanageuka. Hapo umesoma Jiografia na Fizikia kwa mkupuo mmoja, na mishale huwezi kuigeuza tena.

Hiyo "kwa nini" ndiyo yenye alama. Swali likisema taja, maneno machache yanatosha. Likisema eleza, linataka chanzo na matokeo, na ukiandika "kwa sababu ya joto" ukaishia hapo, alama zimeondoka. Kwenye diskasheni tulibishana kwa Kiswahili mpaka kila mtu aelewe, kisha kila mmoja akaandika jibu peke yake kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mtihani. Tulibadilishana karatasi na kusahihishana. Diskasheni isiyoishia kwenye kuandika ni stori tu.

Kuna kitu wengi hawakigusi: Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, bure. Humo unaona majibu halisi, mazuri na mabovu, pamoja na sababu za watu kukosa. Nilichapisha ya masomo yaliyonisumbua kwenye steshenari mjini kwa elfu chache. Yalinisaidia kuliko madesa yote ya tuisheni.

Hesabu niliifanya kwa saa, Jumamosi asubuhi, saa tatu kamili, simu imezimwa. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali 4 ya alama 10. Nilijipa dakika 9 kwa kila swali la A na 15 kwa la B, jumla 150 kati ya dakika 180 za mtihani, zikabaki 30. Kinachoangusha watu ni kung'ang'ania swali moja la trigonometria nusu saa nzima. Dakika zikiisha, acha hatua zako zikisomeka, maana hatua sahihi zina alama zake hata jibu likikosekana, ruka nafasi, songa mbele. Katika zile 30 za mwisho, anza na swali lililobakiza hatua chache zaidi, kisha pitia alama za kutoa, vipimo, na majina ya mihimili ya grafu.