Nilivyoacha kuchora duara nyekundu: kukosoa picha za wanaoanza, hapa Kigoma

"Sifia, kosoa, halafu sifia tena." Ndio ushauri niliopewa nilipoanza kupitia picha za vijana wanaojifunza, na naupinga mpaka leo. Mtu akisikia "picha kali sana, ila…" masikio yake yanabaki kwenye "ila", na ile sifa ya mwanzo anaiona ilikuwa danganya toto. Tena "picha kali" haimwambii kesho arudie nini. Sifa inayofaa inataja kitu na sababu yake: "Umesubiri mpaka mkono wa mama umefika juu, ndiyo maana dagaa wanaonekana wakiwa hewani." Hapo ameondoka na kitu mkononi, na huna haja ya kukitafutia kasoro ya kukisindikiza.

Njia niliyoanza nayo mimi haikuwa bora. Nilikuwa nachukua picha, nafungua programu ya kuhariri, nazungushia kila kasoro duara nyekundu. Chukua picha ya kawaida ya mwaloni Kibirizi: mama anageuza dagaa walioanikwa mchangani. Mstari wa ziwa umeinama. Ndoo nyekundu imechomoza pembeni. Anga imeungua, imekuwa nyeupe tupu. Uso wa mama ni giza. Mguu umekatwa kwenye kifundo. Kivuli kifupi kizito kimelala chini yake. Duara sita, zote za kweli, na zote hazikusaidia. Picha zilizofuata zilikuja na ziwa limenyooka kama rula na ndoo hakuna, lakini uso ulikuwa giza vilevile. Anayeanza hurekebisha kilicho rahisi, na kunyoosha ziwa kwenye simu ni kazi ya sekunde tano. Uso, anga na kivuli zilikuwa kasoro moja iliyojigawa mara tatu: picha ilipigwa saa saba mchana. Duara zangu zililingana ukubwa, kwa hiyo zikaficha chanzo. Siku hizi natafuta kasoro moja ambayo ikiondoka inaondoka na nyingine mbili, naitaja hiyo, basi. Ndoo itasubiri wiki ijayo.

Na hapa kwenye saa, ushauri wa kuazima unawapoteza wengi. Vijana wanaambiwa mwanga wa dhahabu, ule laini wa manjano jua likiwa chini, unaanza saa kumi na moja na nusu jioni. Hiyo ni saa ya Dar es Salaam. Saa zetu ni moja nchi nzima, lakini Kigoma iko mbali magharibi, hivyo jua linatua huku kama dakika 40 baada ya Dar. Utosini linafika karibu saa saba, na kuzama ni karibu saa moja jioni. Saa kumi na moja na nusu mwanga wetu bado ni mkali. Mwambie aanze saa kumi na mbili na robo. Kisha mkumbushe jua linazama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Anayepigwa akilipa ziwa mgongo jioni, uso wake lazima uwe giza. Ama mpigapicha ageuke, ziwa liwe mgongoni kwake na mwanga umwangukie anayepigwa, ama aamue kabisa kwamba anataka umbo jeusi mbele ya anga. Asubuhi mambo hugeuka: jua linatokea upande wa nchi kavu, na mitumbwi inayorudi na dagaa inapata mwanga laini wa mbele.

Kabla sijasema lolote nauliza swali moja: "Ulitaka jicho langu liende wapi kwanza?" Namwacha ajibu. Kisha naitazama picha nikihesabu kimya mpaka kumi, naifunika, namtajia vitu vitatu nilivyoviona, kwa mpangilio niliouona. Kama yeye alitaka mikono ya mama na mimi nimetaja ndoo, mama, mikono, tatizo ameshalijua mwenyewe. Kama majibu yetu yamelingana, naiacha hata kama ziwa limeinama kidogo.

Omba faili halisi. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na taarifa zake hupotea. Atume kama dokumenti. Ukifungua maelezo utaona shata, yaani muda ambao kamera ilipokea mwanga, na ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, na hapo ndipo utaacha kubahatisha kwa nini picha ina ukungu. Ukikuta picha nzima imevutika kuelekea upande mmoja, simu ilitikisika. Ukikuta nyasi za nyuma zinaonekana wazi na uso umefifia, fokasi, yaani pale kamera ilipolenga, ilikwenda kusiko. Ukikuta kila kitu kinaonekana wazi isipokuwa mikono, basi mikono ilikuwa na kasi kuliko shata. Dawa zake hazifanani: kwa mtikisiko abane viwiko mbavuni, kwa fokasi aguse uso kwenye kioo kabla ya kupiga, kwa mwendo atafute mwanga zaidi ili shata ifike 1/250 ya sekunde kwa mtu anayetembea, 1/500 au zaidi akiwa ndani ya mtumbwi. Kumwambia tu "picha haijatulia" ni kumwacha njiani. Halafu kuna ukungu wa nne, ule wa maziwamaziwa unaozunguka taa na anga: huo ni mafuta ya vidole kwenye lenzi. Kitambaa safi cha pamba kinatosha.

Sasa kitu ninachojivunia. Kata boksi gumu vipande viwili vyenye umbo la herufi L, mkono mmoja sentimita 25, mwingine 20, upana sentimita 4. Tumia upande usio na maandishi, kwa sababu maandishi yanaiba jicho. Safisha picha studio kwa saizi ya sentimita 13 kwa 18.  Weka L mbili juu ya picha ziwe fremu, kisha zisogeze ndani polepole. Lazima zishikwe na mwenye picha. Ukizishika wewe itakuwa picha yako. Ndoo inatoka, anatabasamu. Anga nyeupe inatoka. Anaendelea, anafika kifundo cha mguu, anasita. Hapo mwambie: usikate kwenye kiungo, iwe kifundo, goti au kiwiko, kata katikati ya paja au ya mkono. Akiridhika, weka alama nne kwa penseli na upime. Fremu mpya ikiwa nusu ya upana wa zamani, maana yake alipaswa kusimama nusu ya umbali: kama alikuwa mita 6, asimame mita 3. Akikata kwenye simu badala ya kusogea, atabakiwa na robo ya pikseli, megapikseli 12 zinakuwa 3. Ila akisogea, milima ya nyuma itaonekana midogo zaidi ikilinganishwa na mama, na hilo alijue mapema.

Ngozi zetu zinataka maneno ya uangalifu. Kamera inatafuta wastani wa mwanga, kwa hiyo kanzu nyeupe Ujiji siku ya Ijumaa inaifanya ipunguze mwanga, na uso unazama. Agonge uso kwenye kioo, kisha apandishe kidogo alama ya jua. Kuongeza baadaye kwenye kuhariri kunaleta chengachenga. Na azime kile kirembesho cha uso ambacho baadhi ya simu zinakuja nacho kikiwa kimewashwa. Kinang'arisha ngozi na kufuta mikunjo aliyoipata mama kwa miaka sitini.

Akiwa mkubwa kwako, anza na shikamoo, na usimkosoe mbele ya watu. Mtumie peke yake. Kazi ya nyumbani ni moja kwa wote: picha 20 za mahali palepale, abadilishe kitu kimoja tu, ama umbali, ama saa. Na anayepigwa aombwe ruhusa kwanza.

Mwenye kuleta 20 namwambia achague mbili bila mimi. Akizichagua kwa sababu anazoweza kuzitaja, anakwenda kwenye taa za wavuvi: usiku usio na mbalamwezi, simu imelala juu ya mfuko wa mchanga, kipima muda sekunde mbili ili kidole kisiitikise.