Kangomba ya magazetini

Msimu wa korosho ukikaribia, sisi wa Newala tunajua kabisa gazeti litasemaje: kangomba, yaani ununuzi wa korosho kinyemela nje ya mnada, imeshamiri, kangomba idhibitiwe. Mwaka 2018, serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba mzigo, neno hilo halikukauka kwenye habari. Mnunuzi wa kangomba huandikwa kama jambazi (wengine ni majambazi kweli). Muuzaji je? Haandikwi. Bibi mmoja jirani yangu alipimiwa korosho zake kwa bakuli, tena limejazwa kilima, mnada bado haujaanza na mjukuu anataka sare. Mnunuzi wa kangomba alikuja na hela mkononi. Chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, hulipa baada ya mnada. Hakuna mwandishi aliyemuuliza bibi huyo bakuli lilikwenda shilingi ngapi.