Pizza nzuri Dar unaipataje? Igeuze kwanza uangalie chini

Watu wananiuliza sana pizza kali Dar iko wapi, nikijibu wanakasirika, maana mimi na mimi nauliza, unataka pizza au unataka sehemu ya kupiga picha? Hapa mjini hivyo vitu viwili mara nyingi havikai nyumba moja. Unaenda zako ushuani unakaa sehemu ina upepo wa bahari, taa za manjano, muziki wa taratibu, menyu nzito kama albamu ya harusi, halafu pizza inakuja katikati imelowa, ukiinua kipande kinalala chote na kuku anamwagikia kwenye sahani. Bili inasoma elfu thelathini na kitu. Hapo umelipia bahari, na bahari si ipo Coco Beach pale bure kabisa, unakaa na mihogo yako na pilipili, upepo ni ule ule.

Kipimo changu mimi ni margherita. Sehemu yoyote mpya naanza na hiyo, washikaji wanacheka, yaani umetoka Tabata na foleni yote ile uje kuagiza pizza haina nyama? Ndiyo. Margherita ni nyanya, chizi laini ya mozzarella, majani ya basil na mafuta ya mizeituni, basi, mpishi hana pa kujificha. Ukishajaza soseji, hoho, mahindi, nanasi, nyama ya kusaga na mayonezi juu, hata unga ukiwa mbovu utajuaje? Kuna ile hadithi maarufu kwamba mwaka 1889 jamaa mmoja wa Napoli, Raffaele Esposito, alimpikia malkia wa Italia aliyekuwa anaitwa Margherita na ndio jina likatoka hapo, wanahistoria wengine wanaibishia hiyo stori, wabishane tu, sisi tule.

Ikishafika mezani, kabla hata hujaing'ata, inua ukingo uchungulie chini. Watu meza ya pili watakushangaa, waache. Chini panatakiwa pawe pakavu, pana madoa madoa ya kahawia na mengine yameungua kidogo mpaka meusi, hiyo ndiyo dalili kwamba sakafu ya tanuri ilikuwa ya moto kweli. Ukikuta nyeupe pee, moto haukutosha au walikuwa na haraka. Ukikuta vitundu vidogo vidogo vimejipanga sawasawa na ukingo una unene ule ule pande zote, aisee hiyo base imetoka kwenye friza imeshaivishwa nusu, wamepaka sosi na kuipasha. Kuna sehemu moja, sitaitaja, jengo zuri, maweita wamevaa vizuri mpaka unaona aibu kuongea kwa sauti, nimeinua ukingo nikakutana na hivyo vitundu. Nikala kwa sababu nilikuwa na njaa na hela ilishatoka, ila sijarudi.

Sasa kwa nini nakomalia moto. Wale wa Napoli wana chama chao kabisa kilichoanzishwa mwaka 1984 cha kulinda pizza yao, na kanuni zao zinataka sakafu ya tanuri ifike nyuzi 380 mpaka 430 hivi za Selsiasi, pizza inaiva ndani ya sekunde 60 mpaka 90. Soma tena hapo, sekunde. Oveni ya nyumbani kwako inaishia 250 hivi, kwa hiyo pizza inabidi ikae dakika kumi, na muda wote huo unga unakauka, ndio maana ya nyumbani inakuwa ngumu pembeni ukitafuna taya zinauma. Kwenye moto mkali nje panashika haraka na ndani panabaki laini, ukingo unavimba wenyewe. Sisemi oveni ya gesi au ya umeme haitoi pizza nzuri, inatoa, ila inakuwa ya aina nyingine, kavu zaidi na ya kukatika, na mpishi anayejua kazi yake anatengeneza unga kulingana na oveni aliyonayo. Tatizo ni wale wenye oveni ya keki halafu ukutani wameandika Napoli.

Kuna kitu kingine watu hawakifikirii, joto la Dar. Huku kuanzia Desemba mpaka Machi ukiacha donge la unga wenye hamira mezani, saa moja tu limeshavimba linataka kutembea. Unga uliovimba haraka hivyo hauna ladha. Wanaojua wanaweka hamira kidogo sana na wanaulaza kwenye friji mpaka kesho yake. Kwa hiyo nikiona jiko liko wazi nasogea napiga stori. Kuna jamaa mmoja Mikocheni nilikuwa namwangalia anavyofanya, anachukua donge, anaanza kukandamiza na ncha za vidole kutoka katikati kwenda nje, ukingoni hagusi kabisa, anageuza, anakandamiza tena, halafu upawa mmoja wa sosi anauzungusha kuanzia katikati kwenda pembeni, chizi anaichanachana kwa mkono. Akaisukuma ndani kwa lile koleo refu, akaigeuza mara moja tu. Nikamuuliza, kaka huu unga wa leo? Akaniangalia kama nimemtukana, "Wa jana bosi, wa leo bado haujalala." Nikajua hapa nimefika.

Haya, majina. Kwa pizza ya Kiitaliano yenyewe Zuane ya Oysterbay kwangu bado iko juu, ile nyumba ya zamani yenye bustani, na ndiyo moja ya sehemu chache ambazo mazingira na sahani vinalingana. Bei iko juu, usiende katikati ya mwezi. Mediterraneo kule Kawe nayo ni ya Kiitaliano na iko ufukweni, kwa hiyo ile kanuni yangu ya bahari hapo inayumba kidogo, nakubali, ila nenda mchana maana jioni foleni inakumaliza. Epi d'Or ya Masaki ni bekari ya Kilebanoni, watu wanaijua kwa mikate na keki, mimi nikiwa pale nakula manakish, ule mkate bapa wa zaatar (majani makavu ya viungo na ufuta) au chizi, sio pizza lakini ni ndugu yake, na ukitaka kujua mtu mwenye tanuri anavyouheshimu unga anza na huo.

Posta na Upanga kuna migahawa ya Wahindi wasiokula nyama, na huko kuna pizza ya paneer, ile chizi ya Kihindi, na pilipili mbichi ambayo ni ya kibongo kuliko kitu chochote. Wengine ukiwaambia wanakutengenezea isiyo na kitunguu wala saumu, kwa ajili ya Wajaini, wale Wahindi ambao dini yao inawakataza hivyo vitu. Mnapita hapo kila siku mnaenda kula chipsi. Na kama hauli nguruwe, Dar sehemu nyingi pepperoni ni ya ng'ombe, ila kwenye migahawa ya Kiitaliano uliza kabla, salami na prosciutto za pale kitimoto kabisa.

Chizi. Usidhani lazima itoke ng'ambo. Njombe kuna kiwanda cha maziwa ambacho shirika la Kiitaliano la CEFA lilisaidia kukianzisha, na chizi za kule zinafika mpaka huku mjini. Chizi ya bei rahisi iliyochanganywa na mafuta ya mimea utaijua ikipoa, inakuwa ngumu inang'aa, unaivuta inatoka yote kama kifuniko. Mozzarella ikipoa inakaza lakini bado inatafunika.

Pizza Hut na wenzao siwapondi mimi. Ile ya kwenye sufuria yenye mafuta chini inakaangika, ni raha yake, watoto wanapenda, na ukiwa na watu sita nyumbani hamna atakayeuliza habari za Napoli. Ila kwenye ofa piga hesabu. Pizza mbili ndogo za inchi 8 zinaonekana nyingi, ila jumla yake ni kama inchi za mraba 100, wakati moja ya inchi 12 peke yake ni 113. Watu wanabeba boksi mbili wanatembea kifua mbele na wamepewa kidogo.

Halafu delivari. Boda anaitoa Masaki anakuletea Kimara, boksi limefungwa, mvuke hauna pa kwenda unarudi kwenye unga, ukifungua imeshakuwa ugali. Sio kosa la boda. Pizza ya tanuri la kuni inaliwa pale pale mezani, dakika kumi tu utamu umeisha, kama unakaa mbali agiza ile nene ya sufuria inavumilia safari, au mwambie boda atoboe boksi pembeni.

Najua kuna mtu anasubiri niseme kuhusu Zanzibar pizza. Naipenda. Unga unavutwa mwembamba mpaka unaona meza, nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, yai linapasuliwa juu, inakunjwa inakaangwa kwenye chuma chenye mafuta, ukila Forodhani usiku na juisi ya miwa huwezi kulalamika. Lakini haina uhusiano na haya tunayoongea hapa, ni chapati iliyofungwa na yai ndani, na siku hizi imeingia ile ya Nutella na ndizi. Iacheni ishindane na wenzake.

Tomato sosi? Ukiiomba kwenye sehemu nzuri mpishi ataumia moyo, mimi siombi. Pilipili naomba, na kama wana ile ya kusagwa na ndimu naomba na bakuli la pili. Tumezaliwa hivyo.

Na ikibaki, tafadhali usiiweke kwenye maikrowevu. Kikaango kikavu, moto mdogo, weka vipande, nyunyizia matone mawili ya maji pembeni, sio juu ya pizza, funika dakika tatu nne. Chizi ikilegea ipua. Chini inarudi kukatika, na mimi kuna siku naagiza kubwa makusudi ili ibaki ya asubuhi.