Ninawi inaanguka, watu wanapiga makofi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tumefika Nahumu 3, sura ambayo wahubiri wengi huiruka. Inaanza na "Ole wa mji wa damu!" na haipoi hadi mwisho. Maiti hazihesabiki, mji unavuliwa nguo hadharani kama kahaba. Mstari wa 10 unakumbusha jinsi watoto wachanga wa No-Amoni, mji wa Misri, walivyopondwa mabarabarani, kisha Ninawi inaambiwa na wewe zamu yako inakuja. Kama moyo wako haukushtuka hapo, rudi usome tena polepole.

Tuwajue kwanza Waashuri, wenye mji huo wa Ninawi. Mwaka 722 KK walikuwa wameimaliza Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini. Mwaka 701 KK mfalme wao Senakeribu akaingia Yuda, na katika kumbukumbu zake anajigamba kwamba aliteka miji 46 yenye kuta. Lakishi, mji wa Yuda, ulianguka katika vita hivyo, na mfalme akaamuru habari yake ichongwe kwenye kuta za jumba lake kule Ninawi. Mawe hayo yapo London leo. Yanaonyesha watu wametundikwa juu ya vigingi, wengine wanachunwa ngozi, na kando yao wanawake na watoto wamepanda mikokoteni ya ng'ombe pamoja na vifurushi vyao, wanapelekwa uhamishoni. Yalikuwa mapambo ya nyumba ya mfalme!

Kwa hiyo anayelia katika Nahumu ni mtu wa taifa lililoiona ile mikokoteni ikipita. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kuyachukua maandiko haya kwenye mkesha na kumwombea mabaya mtu wa ofisini aliyepandishwa cheo kabla yetu. Huyo si Ninawi, mpendwa.

Sasa fungua Kutoka 34:6-7. Mungu anamtangazia Musa kwamba yeye ni mwingi wa huruma, si mwepesi wa hasira. Na papo hapo anaongeza kwamba mwenye hatia hamwachi hivi hivi. Yona, alipochukia kuona Ninawi imesamehewa, alimrudishia Mungu ile sehemu ya kwanza kama lawama: nilijua tu utawahurumia. Nahumu anautaja upole wa Mungu kwa maneno machache, halafu anaishikilia sehemu ya pili kwa mikono miwili. Manabii wawili, mji mmoja, andiko lile lile.

Mimi sioni sababu ya kuwapatanisha kwa haraka. Vitabu vyote viwili vinaishia kwenye swali. Mungu anamuuliza Yona, je, nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kulia wala kushoto, na wanyama wengi? Nahumu anaiuliza Ninawi, ni nani ambaye uovu wako haukumpitia? Hakuna aliyejibu, si Yona wala Ninawi.

Mji ulianguka mwaka 612 KK mikononi mwa Wababeli na Wamedi. Magofu yake yapo Mosul, Iraki. Nahumu anasema wote watakaosikia habari hiyo watapiga makofi, na baada ya Lakishi siwezi kuwalaumu. Ila wale watu wa Ninawi wasiojua kulia wala kushoto, aliowataja Mungu kwa Yona, bado wananisumbua.

Wiki ijayo tusome Habakuki 1, kitabu kinachofuata. Wakaldayo, yaani Wababeli, hao hao walioiangusha Ninawi, sasa ndio wanaolalamikiwa mbele za Mungu.