Beti Iliyokatwa

Tumeshaipita Chalinze, kondakta akachomeka flashi na wimbo wangu wa taarabu ukaanza. Mama niliyekaa naye kiti kimoja akauimba wote, hata beti ya tatu iliyonikesha usiku mzima nikitafuta kina kimoja tu. Nikatamani kumwambia, "Mama, hayo maneno niliyaandika mimi." Nikanyamaza. Angenionaje? Jina langu halimo.

Lilikuwamo. Sisi watunzi wa mashairi tunajitaja katika beti za mwisho, kwa vina na mizani ile ile, msomaji ajue nani kanena. Nilifanya hivyo. Studio wakasema wimbo mrefu mno, redio gani itapiga dakika tisa? Wakakata beti mbili za mwisho, na mimi nikakatwa humo humo. Ulipotoka, mwimbaji akaandikwa kuwa yeye ndiye mwimbaji na mtunzi. Mimi nilikuwa nimeshapewa shilingi 50,000 na doti ya khanga, bila karatasi yoyote, na wakati ule sikuona ubaya.

Kwenye taarabu kazi imegawanyika tangu zamani: huyu anaandika shairi, yule anatia mahadhi, mwingine anaimba. Usiku wa onyesho wanawake wanainuka na noti, wanakwenda mbele kumtunza mwimbaji, wengine wanambandika kwenye paji la uso. Aliyeandika yuko nyuma ya ukumbi, au yuko nyumbani anakaanga mihogo. Miaka yote hiyo sijasikia mtu akiuliza mtunzi yuko wapi naye apewe chake. Ndiyo maana nilipoelezwa habari ya mirabaha, yaani malipo ya mwenye kazi kila kazi yake inapotumiwa, niliielewa haraka kwa njia yangu: ni tunza ya mtu asiyekuwepo ukumbini.

Wimbo mmoja, kumbe, una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi, na kuna rekodi, yaani ule mlio uliotoka studio. Studio ikidai rekodi, haki yake. Utunzi una mwenyewe mwingine. Sheria yetu ya Hakimiliki, Na. 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na inampa pia haki ya kutajwa. Wala haisubiri usajili. Kazi inalindwa tangu unapoiandika. Lakini pesa hazisomi mashairi. Pesa zinafuata majina yaliyo kwenye daftari la usajili wa kazi, na kwenye daftari mimi sikuwepo.

Mdogo wangu ana saluni Ngamiani, Tanga. Wakusanyaji wa mirabaha walipomfuata kuhusu leseni ya kupiga muziki alinipigia simu akifoka. "Dada, redio nimenunua, umeme nalipa, king'amuzi nalipa, sasa na nyimbo?" Nikamuuliza, dawa ya nywele anapewa bure? Kama muziki hauleti wateja, azime tuone. Akacheka, akasema basi atanilipa mimi mkononi, akanirushia shilingi 1,000, ya mwaka mzima. Hapo ndipo nilipomweleza leseni yenyewe ilivyo: saluni haiwezi kumtafuta kila mtunzi wa kila wimbo, kwa hiyo inalipa mahali pamoja, kisha wenye daftari wanagawa.

Kugawa ndiko kwenye kazi. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, iligawa zaidi ya shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123, kwa nyimbo zao zilizopigwa redioni na kwenye televisheni. Nilichukua kalamu nikagawanya sawasawa, ingawa wenyewe hawagawi hivyo: inakuja kama 278,000 kwa kila mtu. Wapo waliocheka. Mimi nilihesabu khanga. Kilichonikaa zaidi kichwani ni kwamba ili wimbo uhesabiwe, lazima kituo kiandike kimepiga nini, na mtangazaji anayepiga kutoka kwenye flashi yenye faili liitwalo "taarabu mpya 07" amenipiga mimi na kunipoteza kwa wakati mmoja.

Nikamfuata mwimbaji. Sikwenda kwa shari, nilikwenda na halua. Tulikaa barazani kwake hadi magharibi. Alisema kweli tupu: bila sauti yake shairi lile lingebaki kwenye daftari la mistari. Nami nikamwambia bila shairi angesimama mbele ya kipaza sauti akohoe. Mwisho tuliandika karatasi ya mgawanyo: maneno yote ni yangu, mahadhi ni ya mpiga kinanda, ambaye naye alikuwa amesahauliwa kabisa, na mwimbaji ana haki yake ya uimbaji ambayo hakuna aliyemnyang'anya. Tukatia saini watatu. Kwenye usajili nimeandika jina la kitambulisho pamoja na jina langu la utunzi, kwa sababu huku watu wananijua kwa hilo la pili na sitaki nigeuke watu wawili wanaodaiana.

Beti zile mbili hazijarudi. Wimbo unapigwa hivyo hivyo, umekatwa mkia. Lakini shairi nililomaliza juzi nimejitaja kwenye kiitikio. Wakate sasa.