Fomu zilinishinda, kijiko kikafaulu

Mkubwa wangu aliniambia: ukitaka wauguzi na madaktari wajitafakari, wape fomu. Nikachapa ile ya Graham Gibbs, mtaalamu wa elimu, ya mwaka 1988, yenye hatua sita kuanzia tukio hadi mpango. Wakazijaza vizuri mno. Zilirudi fomu 11, na 10 zilisema "nitaboresha mawasiliano". Ya 11 ilikuwa yangu, nayo haikupishana nazo.

Nikageukia vitabu. Nikagawa riwaya nzima wakasome nyumbani. Mtu katoka zamu ya usiku, unampa Tolstoy, yule Mrusi wa riwaya nene! Baada ya wiki mbili tulikaa tukikodoleana macho. Mimi mwenyewe, mwenye wazo, nilikuwa sijafika hata katikati.

Iliyonitoa ni hadithi fupi "The Use of Force" ya William Carlos Williams, daktari na mwandishi wa Marekani, iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Mtoto wa kike ana homa, daktari anashuku dondakoo, mtoto hafungui mdomo ng'o. Anampangua daktari miwani, anakitafuna kijiti cha kukandamizia ulimi mpaka kinavunjika. Daktari anaomba kijiko, anaingiza kwa nguvu. Utando, dalili ya dondakoo, anauona kweli kooni. Ila anakiri kwamba hasira ilimpanda, na kumvamia yule mtoto kulimpa raha.

Mara ya kwanza niliisoma mpaka mwisho. Dakika nne tu mjadala ukafa, wote wanasifu uchunguzi wa yule daktari. Sasa nasoma kwa sauti, naishia pale kijiko kinapoombwa, kabla hawajajua kama mtoto anaumwa kweli. Halafu dakika tano za kuandika, kichwa ni "Kijiko changu". Basi. Na usithubutu kuuliza "tumejifunza nini?", utarudishiwa zile fomu.

Sista mmoja mkongwe, mpole kuliko sisi sote, akasoma yake: jinsi alivyomkandamiza mzee mmoja mikono ili awekewe mpira wa mkojo. "Mpira ulihitajika," akasema, "lakini nilikuwa na haraka ya kwenda kula." Daktari aliyekaa jirani yake, ambaye alikuja akisema hadithi ni za watoto, aliikunja karatasi yake mara nne akaitia mfukoni. Sikumwita asome. Mabosi wasikilize, wasome mwisho, wasianze wao.

Gharama? Kudurufu kurasa chache tu.

Mkubwa aliposikia, akataka karatasi ziingie kwenye mafaili ya tathmini ya watumishi. Nikamjibu kwamba kila mtu huondoka na yake. Kuanzia kikao kilichofuata, ikawa kweli.